Shajara ya mradi: kuipekua 2⁶⁴ − 1

Jumatatu

Nina programu fupi ya kuzalisha namba nasibu. Inashika biti 64 (tarakimu za 0 na 1), inazivuruga, inatoa namba, inazivuruga tena. Mbinu hii ilitangazwa na George Marsaglia mwaka 2003, na imeenea kwa sababu kiini chake ni mistari mitatu: sogeza biti hatua 13 kushoto uzichanganye na za awali kwa XOR (tendo linalotoa 1 pale biti mbili zinapotofautiana), sogeza hatua 7 kulia uchanganye, sogeza hatua 17 kushoto uchanganye. Basi. Dai linaloambatana nayo ni zito kuliko mistari yenyewe: ukianza na hali yoyote isiyo sifuri tupu, programu itapita katika hali nyingine zote bila kuruka hata moja, ndipo irudi ilikoanzia. Hali hizo ni 2⁶⁴ ukiondoa moja, yaani

18,446,744,073,709,551,615.

Nataka kulihakiki dai hilo mwenyewe. Kuiacha programu izunguke mpaka irudi mwanzo si njia. Hata kwa hatua bilioni moja kila sekunde, mzunguko mmoja unakula miaka 584. Njia ya mkato ipo, lakini inapita kwenye vigawo tasa vya namba hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni namba, programu itasubiri. Kuanzia hapa naiita N.

Jumanne

Leo nimeizunguka kwa nje tu. Ina tarakimu 20. Jumla ya tarakimu ni 87, kwa hiyo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Inaishia na 5. Ukiigawanya kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 4, kwa 13 inabaki 2. Jambo moja lilinichekesha: tarakimu zote zimo isipokuwa 2, ilhali namba yenyewe inatokana na kuzidisha 2 tupu. Halina maana yoyote ya kihisabati, nimeliandika kwa kuwa shajara ni yangu.

Katika mfumo wa namba mbili, N ni moja sitini na nne zilizopangwa mstari mmoja. Ndiyo maana inajitokeza kila penye kuongezeka maradufu: punje za ngano kwenye ubao wa sataranji, moja mraba wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu, mpaka wa 64, au hatua za mnara wa visahani 64, wa mchezo ambao Édouard Lucas aliutoa mwaka 1883. Anayehamisha kisahani kimoja kila sekunde atamaliza baada ya miaka bilioni 584.

Nikajiuliza kama ni namba ya pembetatu, kama zilivyo 3, 6, 10 na 15. Kipimo ni rahisi: izidishe kwa nane, ongeza moja, tazama kama umepata mraba kamili. Hapa 8N + 1 ni 2⁶⁷ − 7, na swali hilo lina mwenyewe. Ramanujan alibashiri mwaka 1913 kwamba 2ⁿ − 7 huwa mraba pale tu n ikiwa 3, 4, 5, 7 au 15, na Trygve Nagell akathibitisha mwaka 1948. 67 haimo. Katika jamii hii ya namba zenye moja tupu, ya mwisho kuwa ya pembetatu ni 2¹² − 1, yaani 4,095. Nimepata jibu bila kupiga hesabu yoyote, na sioni aibu.

Jumatano

Kuivunja. Sehemu kubwa haihitaji hata kompyuta. N ni mraba wa 2³² ukitoa 1, na tofauti ya miraba miwili hugawanyika yenyewe:

N = 4,294,967,295 × 4,294,967,297

Vigawo viwili vilivyopishana kwa 2 tu. Kipeuo cha pili cha N kimebanwa kati yao, hivyo ukivipanga vigawo vyote vya N kwa ukubwa, hivi viwili ndivyo vinavyokaa katikati kabisa. Kile kidogo ni 2³² − 1, nacho kinavunjika kwa ufunguo uleule, kisha sehemu yake ndogo vivyo hivyo, mpaka chini. Kinachopatikana ni

N = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Hizi ni namba sita za mwanzo za Fermat, F₀ hadi F₅. Kila moja ukiitoa 1 na kuipigia mraba, kisha ukarudisha 1, unapata inayofuata. Pierre de Fermat aliamini kwamba zote ni tasa, na mwaka 1640 alikuwa akiwaandikia wenzake hivyo. Tano za kwanza ni tasa kweli. Ya sita si tasa, na karibu kila jambo la ajabu nililolikuta baadaye katika N linatokea hapo.

Alhamisi

F₅ imechukua siku nzima kwa hiari yangu. Ningeweza kuitia kwenye programu ikavunjika kabla sijaondoa kidole kwenye kibonye, lakini nilitaka kuona Leonhard Euler aliiwezaje mwaka 1732 kwa kalamu.

Chukua kigawo tasa p cha F₅. Kwa hesabu ya mabaki ya p (unatazama tu kinachobaki ukigawanya kwa p, na baki p − 1 huandikwa −1), 2³² ni sawa na −1, kwa hiyo 2⁶⁴ ni sawa na 1. Hakuna kipeo kidogo zaidi kinachoirudisha 2 kwenye 1, kwa sababu 64 haina vigawo vingine ila vipeo vya 2, na katika nusu yake tumeshaikuta −1. Urefu huo wa mzunguko lazima uigawanye p − 1. Maana yake ni kwamba p huacha baki 1 ikigawanywa kwa 64. Badala ya kujaribu kila namba tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577, 641... na ya tano katika foleni ndiyo yenyewe:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Mwaka 1878 Lucas aliikaza zaidi sheria hiyo: kwa namba za Fermat kuanzia F₂, baki ni 1 hata ukigawanya kwa kipeo cha 2 kinachofuata, hapa 128. Foleni inakuwa 257 kisha 641. Mbili tu!

Kuna na uthibitisho usiohitaji kugawanya kabisa, ninaoupenda kuliko yote. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. La kwanza linasema 5 × 2⁷ ni −1 kwa mabaki ya 641. Lipandishe kwa kipeo cha nne upate 5⁴ × 2²⁸ ni 1. La pili linasema 5⁴ ni −2⁴. Weka moja ndani ya jingine: −2³² ni 1. Imekwisha.

Je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 2,588 na 2,589, na kigawo chake tasa chochote ni kigawo cha F₅ pia, kwa hiyo kinabanwa na sheria ya 128. Namba tasa za umbo hilo zilizo chini ya 2,589 ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Nimezigawanya zote kwa mkono. Mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622 kwa mpangilio huo. Hakuna sifuri, ni tasa. Kuthibitisha namba ya mamilioni kwa migawanyo mitano ni anasa ambayo namba ya kawaida haikupi.

Halafu kuna hili linalonisumbua kuhusu Fermat. Kipimo cha kumtoa gizani alikuwa nacho, na kinaitwa kwa jina lake: p ikiwa tasa, aᵖ⁻¹ huacha baki 1. Kwa a = 2, F₅ inafaulu mtihani huo kwa ulaghai, kwa sababu mzunguko wa 2 ni 64 na F₅ − 1 inagawanyika kwa 64. Lakini kwa a = 3 inaanguka. Théophile Pépin alitengeneza mwaka 1877 kipimo ambacho leo hutumia 3 hiyohiyo: pandisha 3 kwa nusu ya F₅ − 1, na kama F₅ ni tasa utapata −1. Nimeifanya, kupiga mraba mara 31. Inabaki 10,324,303. Mbali kabisa na −1. Kwa karatasi ni kazi ya kuchosha, lakini miraba 31 ni miraba 31.

Basi orodha kamili, na hakuna kigawo tasa kinachojirudia:

N = 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Ijumaa

Vigawo tasa saba visivyojirudia vinazaa vigawo 128. Vya mwanzo: 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257, 641, 771, 1,285. Ile 641 inaonekana kama mgeni aliyeingia shereheni bila mwaliko. Ukiiondoa pamoja na 6,700,417 na mazao yao, vinabaki 32 tu, na hivyo vina mambo mawili mazuri. Kwanza, ukiandika pembetatu ya Pascal, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake, kwa kuweka 1 palipo na witiri na 0 palipo na shufwa, kisha ukasoma kila mstari kama namba ya mfumo wa namba mbili, mistari 32 ya kwanza ni vigawo hivyo hivyo, kwa mpangilio. Pili, ukitoa ile 1, zinazobaki 31 ndizo idadi zote za witiri zinazojulikana za pande za poligoni sawa zinazoweza kuchorwa kwa rula na bikari. Gauss alifungua mlango huo mwaka 1796 kwa umbo la pande 17, na Pierre Wantzel mwaka 1837 akathibitisha kwamba nje ya mlango huo hakuna njia. Iliyo kubwa kuliko zote 31 ni 4,294,967,295, yaani kile kidogo kati ya vigawo viwili vya N nilivyovipata Jumatano. Kile kikubwa hakichangii chochote.

Jumla ya vigawo vyote:

31,421,980,989,189,888,768

Ni kama mara 1.7034 ya N. Namba kamilifu ingetoa mara 2 kamili, kwa hiyo N ni pungufu.

Jumla hii haienei katika biti 64, na hapo nilifanya jaribio la makusudi. Nilikokotoa mara mbili, mara moja kwa Python, lugha ya programu ambayo haijali ukubwa, mara ya pili kwenye kisanduku cha biti 64 kinachofurika. Kisanduku kilitoa 12,975,236,915,480,337,152. Kwa namba nyingine yoyote ningesema ni takataka. Lakini kisanduku kikifurika hupoteza 2⁶⁴, na 2⁶⁴ ni N + 1. Kupoteza N + 1 ni kuondoa kigawo N na kigawo 1. Kwa hiyo jibu la mfuriko ni jumla sahihi ya vigawo vyote vya N isipokuwa vile viwili ambavyo kila namba inavyo bure. Nilitabasamu kwa muda.

Kinachofuata kina kazi katika mradi: namba ngapi kati ya 1 na N hazina kigawo cha pamoja nayo? Kwa 3, 15, 255, 65,535 na 4,294,967,295 jibu ni nusu ya namba inayofuata, kipeo safi cha 2 kila mara. Kwa N tungetazamia 2⁶³, ambayo ni 9,223,372,036,854,775,808. Jibu halisi ni

9,208,981,628,670,443,520

Pengo ni 14,390,408,184,332,288, na ukiligawanya kwa 2³¹ unapata 6,701,056, ambayo ni 640 + 6,700,416. Alama za vidole za Alhamisi.

Jumamosi

Nimetoka nje ya njia kidogo. N ikigawanywa kwa 8 inabaki 7, na namba za namna hiyo haziwezi kuandikwa kama jumla ya miraba mitatu. Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba minne inatosha kwa kila namba. Miraba minne ya N ni ipi?

Kutafuta kwa kubahatisha ni kupoteza muda. Ukiweka 3 kando, kila namba ya Fermat iliyobaki ni mraba ukiongeza 1, na zao la jumla za miraba miwili ni jumla ya miraba miwili. Nilizizidisha kwa namba changamano, ambamo i² ni −1: (2 + i)(4 + i)(16 + i)(256 + i)(65,536 + i), ikapita 7 + 6i, 106 + 103i, 27,033 + 26,474i, ikaishia 1,771,608,214 + 1,735,027,097i. Hapo 641 haikunigusa, F₅ iliingia nzima. Sasa ile 3: ukiwa na a na b, mara tatu ya a² + b² ni a² + b² pamoja na mraba wa jumla yao na mraba wa tofauti yao. Hivyo:

N = 36,581,117² + 1,735,027,097² + 1,771,608,214² + 3,506,635,311²

Nimeihakiki kwa kompyuta, na kwa mabaki ya 7, 9, 11 na 13 kwa mkono. Si njia pekee. Jacobi alionyesha mwaka 1834 kwamba kwa namba witiri idadi ya njia, ukihesabu alama na mpangilio, ni mara nane ya jumla ya vigawo. Kwa N ni 251,375,847,913,519,110,144, zaidi ya N yenyewe.

Jumatatu tena

Kurudi kazini. Hatua moja ya programu ya Marsaglia ni jedwali la biti, safu 64 kwa nguzo 64, nililolipa jina T. Kupiga hatua k ni kulizidisha T lenyewe mara k, na kwa kupiga miraba mfululizo k kubwa haitishi. Dai linageuka kuwa hili: T kwa kipeo cha N ni jedwali lisilobadili kitu, na hakuna kipeo kidogo zaidi chenye sifa hiyo.

Sharti la pili ndilo linaloonekana kutaka uvumilivu wa miaka 584. Halitaki. Kama T inarudi mwanzo baada ya N, mzunguko wake halisi ni kigawo cha N. Kama ni kigawo kidogo kuliko N, basi lazima kiigawanye N ÷ q kwa mojawapo ya vigawo tasa saba. Kwa hiyo majaribio ni saba tu, na hapa ndipo kazi ya wiki nzima inapolipa.

Nilipoandika vipeo hivyo saba kwa mfumo wa 16, wenye tarakimu 0 hadi 9 kisha A hadi F, nilisimama. N ÷ 3 ni 5555555555555555. N ÷ 5 ni 3333333333333333. N ÷ 17 ni 0F0F0F0F0F0F0F0F. N ÷ 257 ni 00FF00FF00FF00FF, na N ÷ 65,537 ni 0000FFFF0000FFFF. Kila aliyewahi kuandika programu ya kuhesabu biti zilizowaka ndani ya neno la kompyuta anazijua, ndizo vichujio vyake, vya kujumlisha biti jirani, kisha jozi, kisha nne nne. Nimezitumia miaka mingi bila kujua kwamba ni N iliyogawanywa kwa namba za Fermat. Kisha zinakuja mbili za mwisho. N ÷ 641 ni 00663D80FF99C27F, haina mpangilio unaoonekana kwa jicho.

Hata hiyo 641 ina faida yake. Kwa kuwa 641 × 6,700,417 ni 2³² + 1, ukitaka kugawanya namba yoyote ya biti 32 kwa 641 na kupata sehemu nzima, izidishe kwa 6,700,417 kisha usogeze biti 32 kulia. Jibu ni sahihi kila mara, maana kosa la kukadiria halifiki 1/641. Hakuna tendo la kugawanya lililofanyika. Sijui nani anahitaji kugawanya kwa 641, lakini akitokea nitampa.

Jumanne

Majaribio yamekwisha. Kwa sharti la kwanza nilipiga T mraba mara 64 mfululizo, na likarudi T lenyewe. Hiyo ni sawa na kusema T kwa kipeo cha N halibadili kitu, na inaokoa mazidisho zaidi ya 60. Kisha vipeo saba: N ÷ 3, N ÷ 5, N ÷ 17, N ÷ 257, N ÷ 641, N ÷ 65,537, N ÷ 6,700,417. Hakuna hata kimoja kilichorudisha mwanzo. Mzunguko ni N kamili, na 13, 7, 17 zimehakikiwa.

Ukubwa wa bahati hii unaweza kupimwa. Kila jedwali kama T lina polinomia yake, yaani usemi wa vipeo vya x unaoliwakilisha. Polinomia za digrii 64 zinazotoa mzunguko mzima ni ile hesabu ya Ijumaa ikigawanywa kwa 64, yaani 143,890,337,947,975,680. Si adimu. Ugumu uko katika kupata moja ambayo kompyuta inaitekeleza kwa misogeo mitatu.

Kinachofuata

Programu ya biti 128. Namba yake ni 2¹²⁸ − 1, ambayo ni N mara F₆, kwa hiyo vigawo saba ninavyo tayari. F₆ ilivunjwa na Fortuné Landry mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 82: 274,177 × 67,280,421,310,721. Majaribio yatakuwa tisa.

Kila ukizidisha biti mara mbili unahitaji namba moja zaidi ya Fermat iliyovunjwa. F₇ walivunja Morrison na Brillhart mwaka 1970, F₈ Brent na Pollard mwaka 1980, F₉ ilivunjika mwaka 1990, F₁₁ Brent aliiwahi mwaka 1988 kabla ya F₁₀ aliyoimaliza 1995. Hiyo inafikisha biti 4,096. Kwa biti 8,192 inahitajika F₁₂, ambayo vigawo vyake tasa sita vinajulikana na kilichobaki ni namba ya tarakimu zaidi ya elfu moja, si tasa, na hakuna aliyeivunja. Jedwali langu la biti 128 limeshaandikwa, nalijaribu kesho.